Siku Niliyomrekodi Tata

Nilikuwa mpiga taipu mjini Kisii, katika ofisi ya mhandisi wa barabara, mzungu mwembamba asiyependa kuandika kwa mkono. Akitoka kukagua barabara za upande wa Suneka au Nyamache, alirudi na maneno yake yote ndani ya rekoda ndogo ya kaseti, nami nikavaa kidude cha sikioni nikayapiga taipu. Rekoda hiyo ilikuwa na jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa nyingine. Ilianza kunasa yenyewe iliposikia mtu anazungumza, na akinyamaza ilingoja kidogo, kisha ikasimama. Mhandisi alikuwa mtu wa kusitasita sana katikati ya sentensi, lakini kwenye kaseti hakusita hata kidogo. Niliipenda kwa sababu hiyo. Ilinipunguzia kazi.

Mkataba wake ulipokwisha, miaka ya sabini ikielekea mwisho, aliniachia rekoda hiyo iwe yangu. Alinifundisha kupangusa kichwa kinachogusa utepe kwa pamba na spiriti, kutoa betri nisipoitumia, na kutoacha kaseti juani. Niliyashika hayo kuliko alivyoyashika mwenyewe. Nilishona mfuko wa flaneli nikaitia humo, mfuko nikautia ndani ya sanduku la nguo, na hakuna mtu niliyemruhusu kuigusa.

Kwetu ni Ekerenyo. Baba yangu, ambaye sisi kwa Kikisii tulimwita Tata, alikuwa mkulima wa chai na ndizi na mzee wa kanisa letu la Sabato. Kaka yangu mkubwa alikuwa ng'ambo masomoni, mwaka wa sita sasa, na tangu aondoke hakuwa amemwandikia Tata hata mstari mmoja. Barua zake zilikuja kwa jina la mama. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi, na Tata alikaa chumba cha pili mlango ukiwa wazi, akijifanya ananoa panga.

Kisa chao kilijulikana na kijiji kizima. Kaka alipokuwa mwalimu kijana, alichaguliwa kuchezea timu ya mpira, na mechi ilikuwa Jumamosi. Alikwenda akacheza. Sabato iliyofuata Tata alisimama mbele ya waumini akalitaja jina la mwanawe mwenyewe, akataka aondolewe ushirika. Hakuwa amemwita nyumbani. Hakuwa amemuuliza. Kaka alikuwa ameketi safu ya tatu na suti yake ya pekee, na aliposikia jina lake alisimama, akatoka kwa mlango wa kando. Mwaka haukwisha kabla hajapata nafasi ya kusoma ng'ambo.

Nilipopanda nyumbani na rekoda mara ya kwanza, mama alirekodi salamu akicheka, Tata akatazama tu. Niliporudi mwezi uliofuata aliningoja njiani, karibu na kituo cha kupimia chai. Aliniuliza kama ile mashine ingeweza kuchukua maneno ya mtu mzee. Nikamwambia inaweza. Akasema ana machache ya kumwambia kaka yangu, na kwamba barua hataki, kwa sababu barua ingebidi niiandike mimi, na maneno yangekuwa yangu.

Tulikaa sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa jikoni, nyumba ya nje. Niliiweka rekoda juu ya stuli, Tata akavaa koti kana kwamba anakwenda kikaoni. Kabla hatujaanza, mvua ikashuka. Kelele za mabati zilifanya rekoda izunguke bila kukoma, na mimi nilikuwa na kaseti moja tu, ambayo upande wake wa kwanza ulishajaa salamu za mama. Ubavuni mwa rekoda palikuwa na kigurudumu cha kurekebisha usikivu. Ukikizungusha juu, mashine ilinasa hata mnong'ono. Ukikishusha, ilijali sauti kubwa tu. Palikuwa pia na swichi ya kuizima kabisa hiyo tabia ya kujiendesha, ili inase moja kwa moja, pamoja na mvua na kila kitu. Niliijua swichi hiyo vizuri. Lakini Tata alikuwa msemaji wa polepole, husema sentensi moja akakaa kimya hata ukadhani amemaliza, na nilijua utepe ungeisha kabla yake. Nikakishusha kile kigurudumu. Mvua ikaacha kuisumbua rekoda, nikafurahia ujuzi wangu.

Tata alianza kwa sauti ya kanisani. Aliuliza afya, akaeleza habari za chai iliyopandwa upande wa mtoni, akataja waliofariki. Akamwonya kaka asisahau alikotoka, wala asioe huko bila kuwaambia wazazi. Kitaa chekundu cha rekoda, cha kuonyesha kwamba inanasa, kilikuwa kikiwaka na kuzimika vizuri kabisa.

Halafu akanyamaza muda mrefu. Alipoanza tena alikuwa ameinama, na sauti ilikuwa ya chini sana, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Alisema, "Siku ile ya kanisani nilikukosea. Ningekuita nyumbani kwanza. Niliwaogopa watu kuliko nilivyokupenda wewe." Akanyamaza. Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Machozi yalikuwa yakimshuka. Binti hakai akimtazama baba yake akilia, si kwetu. Nikayainamisha macho sakafuni na kuyaacha huko mpaka alipokohoa na kusema tumalize. Kwa hiyo sikukitazama kitaa kile.

Sikuisikiliza kaseti ile. Nilijiambia nahifadhi betri. Kweli ni kwamba niliona haya kuyasikia maneno yale mara ya pili. Jumatatu niliitia posta mjini.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili, ndani ya barua ya mama. Kaka aliandika mistari mingi kuhusu baridi na mitihani, na chini kabisa, "Kaseti imefika. Mwambieni Tata nimesikia."

Tata alitoka chumba cha pili. Aliniuliza kaka amesema nini kuhusu lile jambo. Nikamsomea tena mstari ule. Akasema labda anahitaji muda. Tangu hapo, kila barua ilipokuja hakujificha tena. Aliketi karibu na mama, mikono magotini, nami nilipofika mwisho aliuliza kama ni hayo tu. Yalikuwa ni hayo tu. Aliishi hivyo mwaka mmoja na nusu, halafu homa ya mapafu ikamchukua.

Kaka alifika siku ya nne baada ya maziko. Alikuwa amenenepa, na Kikisii chake kilikuwa kimepungua kasi. Asubuhi moja, mama akiwa shambani anachuma chai, alifungua begi lake akatoa kaseti ile. Aliniambia ameisikiliza mara moja tu. Aliniomba nimweleze, kwa kuwa nilikuwepo, kwa nini mzee alijisumbua kutuma mahubiri ng'ambo.

Sikumwelewa. Nikaileta rekoda, nikatia betri, tukasikiliza. Sauti ya Tata ilitoka, kavu na ya haraka, bila pumzi kati ya neno na neno, maana mashine ilikuwa imeuondoa ukimya wake wote. Chai. Waliofariki. Usisahau ulikotoka. Usioe bila kutuambia. Na mara baada ya hapo kikohozi, na "tumalize".

Niliirudisha nyuma nikaicheza tena. Kisha nikamweleza yote, mvua, kigurudumu, swichi, na maneno aliyoyasema Tata akiwa ameinama. Kaka alinisikiliza hadi mwisho. Aliniomba niyarudie yale maneno. Nikayarudia. Kesho yake, tukiwa tunatembea kuelekea sokoni, akaniomba tena, nami nikayasema. Akasimama.

"Jana hukusema hivyo," alisema. "Jana ulisema aliwaogopa watu. Leo unasema aliona aibu mbele ya watu."

Nilimwambia ni kitu kimoja. Akasema si kitu kimoja. Hakusema kwa hasira. Akaongeza kwamba mimi nimekuwa na moyo mwema siku zote, na hapo nikajua kwamba anadhani nimeyatunga ili kumfariji. Sikuwa na cha kumwonyesha. Nilimsihi asimwambie mama juu ya kaseti, nikisema ataumia. Niliyekuwa namlinda ni mimi mwenyewe. Alikubali, akaondoka wiki hiyo.

Miezi kadhaa ilipita. Siku moja nikipukuchua mahindi na mama, nilishindwa kunyamaza, nikamwambia yote juu ya kaseti, na maneno ya Tata ambayo haikuyanasa. Mikono yake ilikoma.

"Maneno hayo alikuwa akiniambia kila Sabato tukitoka kanisani," alisema. "Kwamba angemwita nyumbani kwanza. Miaka yote hiyo."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia kaka alipokuwa hapa, wiki nzima.

"Nilijua ameshamsikia baba yake kwenye kaseti. Ningeongeza nini mimi? Na wewe ulijua hakuyasikia, ukaniacha nimpikie na kumuaga."

Aliniambia nichukue karatasi, amwandikie kaka maneno hayo. Alisema maneno yake polepole, akinyamaza kama Tata alivyokuwa akinyamaza, nami niliandika kila neno na kungoja kila ukimya uishe. Nilimsomea, akaridhika, akaweka alama ya kidole gumba kwa wino.

Kaka alijibu baada ya wiki sita. Alimshukuru mama kwa barua. Alisema baridi imezidi, akauliza kama chai ya upande wa mtoni imeanza kuchumwa. Maneno ya Tata hakuyagusa. Barua, kama zote, ilikuwa kwa mwandiko wake, na ile aliyoipokea ilikuwa kwa mwandiko wangu.