Mguu wa Mzee Semkiwa

Mzee Zakaria Semkiwa alishona kanzu kwa zaidi ya miaka arobaini kwenye baraza moja ya Kariakoo. Yeye mwenyewe alikuwa Mwanglikana, mtu wa Muheza, mzee wa kanisa, lakini kila Ramadhani ilipokaribia Waislamu walimpangia foleni. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Watu walipomshauri anunue ya umeme alicheka tu, akasema umeme wa Bongo una visa vyake, bora mguu wake ambao haujawahi kukatika.

Mwanawe Hillary alikuwa na fremu mtaa wa pili, akiuza vifungo, zipu na nyuzi. Mama yake alishafariki. Edina, mdogo wake Hillary, alikuwa ameolewa Mbagala, na Hillary, ambaye hakuwa ameoa, ndiye aliyebaki na baba yake katika nyumba yao ya Magomeni.

Mzee alikuwa na kisukari cha siku nyingi. Kidonda kilianza kidoleni, akakificha ndani ya soksi. Hillary alikigundua kwa harufu, na alipomfikisha baba yake hospitali, weusi ulikuwa umepanda hadi kwenye kifundo. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba mguu ukatwe chini ya goti, tena mapema.

Mzee akakataa. Alimwita Hillary karibu na kitanda, akamshika mkono.

"Mguu wangu usikatwe," alisema. "Mimi na Mungu tumeshamalizana. Akitaka kunichukua, anichukue mzima."

Hillary hakubisha. Alilelewa kuamini kwamba baba yake akisema jambo la Mungu, amelisikia kwa Mungu mwenyewe.

Siku mbili baadaye homa ilimpanda mzee, akaanza kuweweseka. Alikuwa akipima vitambaa visivyokuwepo na kuwauliza wauguzi urefu wa mikono. Daktari akamtoa Hillary nje kwenye korido. Sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Mzee hakuweza tena kujisemea, kwa hiyo neno lilikuwa la wanawe, na madaktari wangesubiri hadi asubuhi tu.

Edina alikuwa tayari ana jibu. Jioni iliyotangulia alikwenda kwenye mkutano wa maombi viwanja vya Mnazi Mmoja, na mtumishi aliyekuwa akihubiri alimwekea mikono, akamwambia baba yake atatembea kwa miguu yake miwili. Alikuja hospitali akiwa na chupa ya mafuta ya upako na uso uliotulia. Hillary aliutazama ule utulivu akauonea wivu.

"Kaka, Mungu ameshasema," Edina alimwambia. "Ukimkata baba, utakuwa umekata neno la Mungu."

Hillary aliomba ampe mpaka asubuhi.

Alikwenda kwanza Kariakoo, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Swaumu, mama aliyeuza vitambaa vya kanzu fremu ya jirani, alikuwa amemfungulia duka na kumuuzia tangu mzee alazwe. Alipomwona tu hakuuliza habari. Alimpisha kwenye kigoda chake, akamwagizia chai, akasema Mwenyezi Mungu atamsahilishia. Hillary aliinywa ile chai akitamani mtu amkalipie, amwambie fanya hivi.

Kutoka pale alikwenda kwa Padri Mntambo. Alimkuta kanisani anakagua paa lililokuwa likivuja. Hillary alimweleza yote: aliyosema baba, aliyosema mtumishi, aliyosema daktari. Alisema yeye mwenyewe ameomba, amefunga, amefungua Biblia popote ilipofunguka, akaangukia orodha ya majina ya makabila.

"Padri, Mungu anataka nini?"

Padri alikaa kwenye benchi. Alikuwa mtu wa maneno mengi mimbarani, lakini pale alijibu kwa machache.

"Sijui, Hillary," alisema. "Ningekuwa najua, ningekuambia."

Akaongeza kwamba atakuja hospitali asubuhi, na lolote Hillary atakaloamua, yeye atasimama naye mlangoni.

Hillary alirudi wodini. Akamwomba Mungu ishara ndogo kabisa: kama anaruhusu, baba afumbue macho amwite kwa jina lake. Alikaa akimtazama. Mzee alifumbua macho kweli, akamwangalia, akamwita kwa jina la marehemu mama yao. Hillary hakujua alifanyie nini jibu lile. Akainamisha kichwa kwenye reli ya kitanda, na hata maneno ya kuomba yakamwishia.

Asubuhi daktari aliposimama mbele yao, Edina akitikisa kichwa na Padri akiwa amesimama mlangoni, Hillary alisema, "Kateni."

Tangu utotoni alifundishwa kwamba mtu akiamua sawasawa na mapenzi ya Mungu, amani hushuka moyoni. Aliisubiri akitembea korido nzima ile. Haikushuka. Edina aliondoka bila kuaga.

Mzee alipona homa. Akili ilipomrudia, alipeleka mkono chini ya shuka, taratibu, mpaka ukafika pasipokuwa na kitu.

"Nani kasema?"

"Mimi, baba."

Mzee akageukia ukutani.

Alirudi Magomeni kwa kiti cha magurudumu. Cherehani ililetwa kutoka Kariakoo ikafunikwa shuka ukumbini. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani Hillary alimwogesha baba yake, naye aliinua mikono, akageuza shingo, asiseme neno. Padri akileta Ushirika Mtakatifu nyumbani, mzee alimpa Padri mkono wa amani, lakini Hillary alipewa vidole vya baridi tu, mzee akiangalia dirisha. Edina alipiga simu kuongea na baba tu. Kwake, kama Hillary angengoja, mguu ungepona.

Masika yalikuwa yameshaanza siku ile mzee aliposema. Hillary alikuwa akimmwagia maji mgongoni.

"Ulimuuliza Mungu?"

"Nilimuuliza, baba."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

Mzee alijifuta maji usoni kwa kiganja.

"Mimi nilikwambia tumemalizana," alisema. "Hatukuwa tumemalizana. Nilikuwa naogopa."

Hillary alisimama na kopo mkononi. Alitaka kuuliza kama amesamehewa, lakini aliona kwamba baba yake hana cha kumpa zaidi ya hapo. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, mtu mzima, mwembamba, hawezi kusimama. Hillary akamfunika kanga, akambeba mpaka kitandani. Kisha akaenda kufungua duka, na njiani alimuuliza tena Mungu kama alifanya sawa, kama alivyomuuliza jana yake na juzi.