Fimbo Niliyoikataa

Mwanangu, ninaikumbuka Jumamosi moja pale Kituku, soko la samaki kando ya ziwa hapa Goma, kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu. Marehemu mume wangu alilijua hilo na hakuona wivu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya Mabanga, diploma yangu bado mpya kabisa, na nilikuwa nimeshuka ufukweni kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mitumbwi ilikuwa imefika, akina mama wameyazunguka mabeseni, kila mmoja anabishana na mwenzake. Katikati yao nikamwona Kavira, mwanafunzi wangu, msichana wa miaka tisa, amesimama na mama yake, beseni la samaki kichwani.

Nilifurahi kumwona. Nikamwita kwa jina, nikainua mkono kumpungia, kama mtu yeyote anavyompungia mtoto anayemfahamu.

Kavira alijikunja. Mikono ilikwenda juu kufunika kichwa, beseni likaanguka, sambaza zote zikamwagika kwenye mchanga mweusi. Hakulia. Alibaki amechuchumaa, macho ameyafumba, anangoja. Nami sikuwa na kitu mkononi, mwanangu, hata kikapu.

Mama yake aliniangalia. Alikuwa Mnande wa maneno machache. Akasema, "Madamu, kwetu huyu mutoto anasomea nyanya yake kitabu cha sala, ukurasa muzima. Kwako munamufanya nini?" Kisha akainama kuokota samaki, mmoja mmoja. Hakungoja jibu.

Ngoja nikueleze jambo lililotufikisha pale. Siku yangu ya kwanza kazini, direkta wa shule alinipa boksi la chaki, daftari la majina, na kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tairi la lori, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Hiyo ndiyo ilikuwa fimbo yetu. Akaniambia, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Mwalimu mwingine akaongeza kwamba samaki mkunje angali mbichi, wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Hakuna aliyekumbuka kwamba samaki anayekunjwa amekwisha kufa.

Basi nikapiga. Mtoto akikosea neno, kiganja. Akinong'ona, kiganja. Baada ya wiki tatu darasa langu lilikuwa kimya, unasikia chaki ikikwaruza ubao. Inspekta alipita, akasimama mlangoni, akamwambia direkta, "Huyu binti anaijua kazi." Siku hiyo nilirudi nyumbani sioni hata mawe ya volkano ninayoyakanyaga. Na katika darasa hilo lililosifiwa, Kavira hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Alisimama, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Mara moja sketi yake ililowa mbele ya wenzake. Nilimpiga kwa hilo pia. Nakuambia bila kulipamba, maana mzee anayesimulia ushindi wake tu anakudanganya.

Sasa, kati ya watu walioona yale ya Kituku alikuwepo muzee Rukara, jirani yangu wa Mabanga. Alikuwa mchungaji kutoka milima ya Masisi, ameshuka mjini uzeeni, na ng'ombe wake wachache aliwaweka Kibati, nje ya mji. Alikuwa amekuja kununua chumvi. Alilitua gunia lake, akamsaidia mama Kavira kuokota samaki hadi wa mwisho, ndipo akanigeukia.

"Mwalimu, kesho kisha misa uje Kibati. Kuko ngombe moja nataka uione."

Mkubwa akikuita, unakwenda. Nilikwenda, ingawa nilijua vizuri kwamba naitwa kusemwa.

Pale Kibati alipiga mluzi mmoja mfupi. Ng'ombe wanne wakainua vichwa, wakaja, akawalambisha chumvi kiganjani. Tulikaa kidogo, wakatawanyika tena. Akapiga mluzi mara ya pili, wakaja mbio, naye akawaonyesha mikono mitupu.

"Unaona?" aliniambia. "Zamani walikuwa wanakuja juu ya chumvi. Sasa wanakuja juu ya mluzi. Siku zingine siwapatie kitu, na wanakuja tu, juu hawajue ni siku gani chumvi itakuwako."

Lakini ng'ombe wa tano, wa rangi ya udongo, alibaki mbali. Muzee Rukara aliinama taratibu kuigusa fimbo yake ya kuchungia iliyolala majanini. Hakuiinua, aliigusa tu. Yule ng'ombe akaruka, akaenda kujibana kwenye ua wa mawe, mwili wote ukitetemeka. Nilikumbuka tulivyofundishwa kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa nimeiandika methali hiyo ubaoni mara nyingi, na watoto wakainakili, bila mimi kumwona aliyeumwa akikaa kwenye dawati la pili.

"Mwenye aliniuzisha huyu," muzee alisema, "alikuwa anamupiga wakati wa kukamua, ili asimame vizuri. Na alisimama. Alisimama sana. Lakini maziwa akaifunga. Ule mutu alifikiri anamufundisha kusimama. Alimufundisha kuogopa mukono."

Akamwendea bila kitu mkononi, akimbembeleza kwa maneno ya kwao, "hora, hora", kama unavyotuliza mtoto mwenye homa. Alisimama hatua kumi kutoka kwake, akaweka chumvi juu ya jiwe, akarudi. "Mwezi uliopita nilikuwa naweka hatua makumi mbili," alisema. "Hatuna haraka."

Nilijitetea. Kijana anayesemwa hujitetea, nawe utafanya hivyo. "Lakini muzee, mimi nikipiga wananyamaza. Inasaidia."

"Inasaidia nani?"

Alipangusa chumvi viganjani, akaendelea.

"Unapiga, wananyamaza, roho yako inapoa. Kesho unapiga tena, juu unatafuta ile kupoa. Inspekta anakupa sifa, unapiga zaidi. Usikasirike, mwana wangu. Sifa ndiyo chumvi yako. Na weye unakuja kwa mluzi."

Nilikasirika. Niliondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo ni aibu mbele ya mzee, na nikashika barabara ya kurudi mjini kwa miguu. Mwanzoni hasira ilikuwa juu yake. Nilipofika nusu ya njia ilikuwa imegeuka. Nilianza kujiuliza nani aliyeniwekea kile kipande cha mpira mkononi, na nani aliyemwekea direkta, na mwalimu gani aliyevipiga viganja vyangu mimi hadi nikaamini kwamba shule ni mahali pa kunyoosha mkono na kufumba macho. Wote tulikuwa tumefundishwa, na kila mmoja alikuwa anampa mwenzake alichopewa. Nikasema peke yangu, kwa sauti, watu wa barabarani wakanigeukia: mimi si ng'ombe wa mtu.

Jumatatu nilikipeleka kile kipande ofisini, nikakilaza juu ya meza ya direkta.

"Sitakishika tena."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa. "Na utafundisha na nini, Madamu?"

"Na chaki."

"Watakupanda kichwani."

"Wapande, direkta. Nitawashusha kwa njia yangu."

Na walinipanda kweli. Woga ulikuwa ndio kifuniko pekee cha chungu kile, nilipokitoa, chungu kikafurika. Wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Walimu wenzangu walipita dirishani wakitikisa vichwa. Na hili sikulitegemea: mkono wangu mwenyewe ulikuwa unautafuta mpira. Kelele zikipanda, vidole vinajikunja vyenyewe. Tamaa hiyo ilizidi kabla ya kupungua, ikanisumbua hata nikiwa kanisani. Mazoea yana taabu, na taabu yake kubwa ni pale unapoyanyima chakula, maana yatalia kabla ya kunyamaza. Ukijua hilo hutaogopa kilio chake.

Kavira nilimhamishia dawati la karibu na mlango. Siku nyingi sikumuuliza kitu. Kisha nikamwomba ashike kitabu tu wakati wenzake wanasoma. Kisha nilichuchumaa kando yake nikamwonyesha silabi moja, akainong'ona, nami papo hapo nikamwambia, "Ni vile." Si mwisho wa somo, si kesho. Sifa ikichelewa mtoto hajui ni ya nini. Akikosea nilipita bila neno wala kukunja uso. Baadaye akamsomea jirani yake wa dawati maneno mawili, na darasa zima tukampigia makofi ya mdundo, yale tunayoyaita ban. Alipofikia kusoma mistari mitatu sikumsifu kila mara, na yeye aliendelea. Haba na haba. Miezi minne ilikwenda hivyo, mwanangu. Kuharibu kulinichukua wiki tatu.

Mwisho wa muhula direkta aliingia darasani kwangu asubuhi, kile kipande cha mpira kwapani. Alikuwa amekuja kunivunja, na alitaka watoto waone.

"Wanasema hapa watu wanasoma bila fimbo," alisema. "Nataka kusikia ule mwenye hajue kusoma."

Wote tulijua ni nani. Kavira akasimama. Direkta aliutoa mpira kwapani, akaunyoosha kwenye ubao kuonyesha somo la siku, mistari kumi na moja juu ya mvua na mashamba. Niliona mabega ya yule mtoto yakipanda hadi masikioni. Mikono ikaanza kwenda juu, kama kule Kituku. Nikasema moyoni, basi, tumepoteza yote.

Mikono ikasimama kifuani. Ikashuka, ikashika ukingo wa dawati. Akasoma. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, na miguu ilitetemeka hadi dawati likagonga sakafu, lakini alisoma. Kwenye mstari wa nne direkta akasema, "Basi, inatosha." Kavira hakunyamaza. Akasoma wa tano. "Nimesema basi." Akasoma wa sita, akaendelea, macho hayatoki ubaoni, hadi kituo cha mwisho. Ndipo akakaa.

Nikampigia ban peke yangu, mbele ya mkubwa wangu wa kazi, mikono yangu miwili mitupu, na darasa likafuata.

Usifikiri nilipewa zawadi. Mwaka uliofuata nilihamishiwa darasa la kwanza, katika kibanda cha mbao nyuma ya vyoo, watoto wengi kuliko mahali pa kukalia. Nilifundisha humo miaka mingi na hakuna inspekta aliyewahi kunisifu. Hakuna mtoto niliyempiga pia. Yule ng'ombe wa rangi ya udongo alikuja kukamuliwa hatimaye, maziwa kidogo, hakufikia wenzake kamwe. Muzee Rukara aliyanywa hayo hayo kidogo akishukuru hadi alipofariki. Nilikuwa nimemwomba radhi mapema, ashukuriwe Mungu.

Kavira sasa ni mama wa watoto wanne. Mwaka jana alinitembelea, nikamuuliza kama bado anashtuka. Akacheka. "Mutu akiinua mukono karibu yangu, bega linaruka, Madamu. Bega halisikie. Lakini mudomo haunyamaze tena."

Sasa nawatazama ninyi vijana wa mji huu. Gari lenye bunduki likipita, shingo zinainama kabla mtu hajawaambia. Simu inalia mfukoni, mkono unakimbia, maana mara iko kitu na mara hakuna, na hiyo ndiyo kamba inayowafunga. Mkubwa akipaza sauti mnasema ndiyo kabla hamjasikia alichosema. Sikulaumu. Shingo iliyoinama imewaokoa wengi hapa Goma, na yangu nimeiinamisha zaidi ya mara moja. Siku nyingine utaiinamisha ili uishi, na hakuna dhambi. Lakini usikubali kuambiwa kwamba ulizaliwa shingo imeinama.

Nasaha yangu basi ni hii. Tabia yoyote uliyo nayo, iulize nani anailisha, na kwa faida ya nani. Ile inayolishwa na woga, inyime, hata ikikulilia. Ile unayoitaka, ilishe mapema na kidogo kidogo, wala usijichape unapokosea, kwa sababu aliyekuchapa zamani alikwisha kukuonyesha matunda yake. Ukipewa mamlaka juu ya mtu mdogo kuliko wewe, mwana, mke, mfanyakazi, mwanafunzi, na ukiona ananyamaza mbele yako, usijisifu haraka. Chunguza amejifunza nini. Na wakikupa fimbo wakisema ndivyo ilivyo tangu zamani, irudishe mezani kwao. Watakuhamisha kibandani. Kibandani nako kuna watoto.

Mungu akupe miaka mingi kuliko yangu. Akupe nyumba ambayo watu wake wakisikia hatua zako mlangoni wanakuja kukupokea. Akulinde njiani, kwa wanaokutisha na kwa wanaokusifu. Nenda, mwanangu, ukaishi umenyooka, na ukiulizwa nani aliyekuruhusu, sema ni mimi.