Kitufe cha Don Cuco

Saa moja asubuhi mjini Monclova, kidole cha Eréndira Cantú kiko juu ya kipanya cha kompyuta na hakijabonyeza. Nyuma ya kioo kinene, pampu inasukuma maji ndani ya mtungi wa gesi, kupima kama utahimili. Presha imepita bar mia moja na bado inapanda.

"Bonyeza basi, binti! Au unamsubiri padri?"

"Vumilia, Don Cuco. Presha ifike pale pale pampu ilipokataa kusimama."

Refugio Saucedo, ambaye karakana nzima humwita Don Cuco, amepima mitungi hapa tangu ujana wake. Eréndira, mwenye miaka thelathini na minane, ndiye anayechora programu ya kompyuta inayoendesha mashine yake. Anachora kweli: visanduku na nyaya kwenye skrini.

Ndani ya mchoro huo kuna mizunguko miwili ya maagizo yanayojirudia, inayokimbia sambamba. Mmoja unasubiri mtu abonyeze kitufe. Wa pili unasoma presha na kuiamuru pampu. Kinachomkosesha Eréndira usingizi ni kufikisha neno la mtu kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine.

Wiki iliyopita neno halikufika. Don Cuco alibonyeza SIMAMA, kitufe kikawaka, pampu ikaendelea kama haikuambiwa kitu. Akabonyeza tena na tena. Alipokimbilia swichi kuu, iliyo ukutani karibu na pampu, mpira wa maji ulichomoka ukampasua juu ya jicho.

"Kitufe nilikiacha nje ya mzunguko wa pili, nikaingiza waya wake tu," anasema Eréndira. "Mzunguko ukachukua habari ya mwanzo, 'endelea', ukazunguka nayo hiyo hiyo. Hata angebonyeza mpaka Krismasi. Nilijaribu kila kitu isipokuwa kusimamisha katikati. Ningemuua."

Sasa ameweka foleni. Kila amri inapangwa humo, na mzunguko wa pili huitazama foleni kila unapozunguka. Kwa desturi ya karakana hii, aliyechora ndiye hubonyeza wa kwanza, na mwenye mashine huketi pake pa siku zote.

Don Cuco ameketi pake, ila kiti amekigeuza. Zamani aliipa swichi mgongo, akitafuna taco zake, chapati za mahindi zilizokunjiwa maharage. Leo anaikodolea macho, mguu mmoja mbele, taco zimepoa kwenye karatasi.

Bar mia mbili. Eréndira anabonyeza.

Pampu inanyamaza.

"Imesikia," anasema Don Cuco. "Rudia."

Anarudia. Inasikia tena. Mzee anagusa kovu lake, anamega taco kidogo, lakini macho hayatoki kwenye swichi.

Wiki hii Eréndira atafungua michoro yote aliyowahi kuchora hapa, mmoja mmoja, kutafuta waya kama ule.

"Pole nimeshampa, naye amenisamehe, hata utani ameurudia," anasema kwa sauti ya chini, mzee asimsikie. "Lakini siku nitakayoingia nikamkuta ameigeuzia swichi mgongo, anakula, ndipo nitajua ananiamini."