Mzee Aliyepunguza Ukali

Jumamosi nilipanga foleni katika duka la vitambaa hapa Ilford, nyuma ya dada mmoja wa Tanga. Alikuwa anashona gauni la harusi ya mdogo wake, kitambaa cha kuvutika, na cherehani inaruka mishono.

“Nunua mashine mpya, mama,” alisema mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa Kisumu.

Baba mkwe wa yule dada, mzee wa Kijerumani aliyeongozana naye, aliichukua sindano aliyokuja nayo mkwewe, akaipitisha taratibu juu ya ukucha. Akasema kwa Kiingereza, “Mashine haina kosa. Sindano hii ni kali mno, inatoboa nyuzi badala ya kupita kati yake.”

“Amejuaje?” nilimuuliza dada.

“Alikuwa na kiwanda cha sindano,” dada alijibu. “Alipobuni yake yenye ncha butu, wenye viwanda vya nguo walimcheka. Akashonea fulana, akaivaa, akawaendea: ‘Haya, vuteni!’ Wakavuta mpaka wakachoka, mshono haukuachia. Wakaagiza palepale.”

Mwenye duka alifunga sindano butu kwenye mashine ya kujaribia. Mshono ukatoka mzima, na dada akapiga kigelegele dukani.

Kwetu fundi hodari tunamwita mkali. Huyu alijenga kiwanda kwa kupunguza ukali.