Aloisi Hakuitika

Nilipokuwa mtoto pale Ipogolo, Iringa, nilimwona mtu mmoja akiuawa mara mbili, na tangu hapo simwamini mtu yeyote anayeshinda kirahisi. Wajukuu wangu wananicheka. Mieleka ikianza kwenye televisheni mimi ndiye wa kwanza kuvuta kiti, halafu mimi huyo huyo nasema, huyu kapangwa. Basi Bibi usiangalie, wananiambia. Niache? Naipenda kuliko wao. Ila naiangalia kama ninavyoangalia maziwa ya kununua, natafuta maji yako wapi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na lori la mieleka lilikuwa likitupitia kila mwaka wakati wa mavuno. Bingwa wao aliitwa Mvunja Mwamba. Alijigamba kwamba nguvu zake alizipata machimboni Makongolosi, na mkononi alifunga hirizi kubwa kama kiberiti. Siku ile walimtoa mtu mwembamba mwenye sikio lililochanika, tukaambiwa ndiye bingwa wa Mbeya. Mvunja Mwamba akamnyanyua, akambwaga. Jamaa akalala kimya. Wakambeba wakamtupa nyuma ya lori, wakamfunika turubai. Mimi nilijua kafa, na nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Siku chache baadaye mama akanichukua kwenda Rujewa kwa dada yake, kumsaidia kuvuna mpunga. Lori nalo likawa kule. Nje ya mashine ya kukoboa walikuwa wamemwaga pumba chini, wamezungusha kamba, na katikati nikamwona yule yule, sikio lile lile. Sasa anaitwa bingwa wa Iringa. Iringa ipi? Sisi ndio tuliotoka Iringa! Akanyanyuliwa, akabwagwa, akafunikwa turubai.

Niliporudi nilimweleza Bibi, mama yake baba. Mtu mzima mwingine angeniambia ni mchezo tu, mwanangu. Bibi aliweka ungo chini, akaniuliza kama yule mtu alitamka neno lolote. Nikasema hapana. Akasema basi ni msukule. Akanieleza taratibu kwamba mchawi akimtaka mtu anamchukua, kwao wanajua amekufa na wanalia matanga, kumbe mwenzao yuko mahali anafanyishwa kazi. Kitu cha kwanza kuchukuliwa ni jina. Ukitaka kumjua, mwite jina alilopewa kwao. Aliye mtu kamili ataitika. Msukule utamwita mpaka koo likauke.

Mwaka uliofuata lori likarudi, na yule mwenye sikio lililochanika hakuwemo. Bibi ndiye aliyeliona hilo kabla yangu. Kaka yangu Aloisi, ambaye gunia la mahindi alikuwa akilitupa begani kama mto wa kulalia, alishinda na Mvunja Mwamba kutwa nzima. Jioni akaja anacheka peke yake. Wamemchukua, anakwenda kuwa bingwa. Baba alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi, nilishaanza kuwatambia wenzangu. Bibi akaenda kusimama mlangoni.

"Yule wa kwanza amekwisha," alimwambia Aloisi. "Wanatafuta mwingine wa kufa. Ukipanda lori lile utapoteza jina."

"Bibi, hii ni kazi."

"Hata msukule anafanya kazi."

Aloisi akapanda lori.

Tulilima, tukapalilia, wala hatukusikia habari yake. Mavuno yalipofika, lori likatupita bila kusimama. Bibi, ambaye hata mjini hakupenda kwenda, akasema anakwenda Rujewa, na mimi nimwonyeshe njia. Alisukumana na watu wazima mpaka akashika kamba. Mtu wa lori akatangaza kwa sauti kwamba leo yupo bingwa wa Tukuyu, Nyundo, hajawahi kushindwa. Akatoka Aloisi.

Bibi akamwita. Aloisi! Akamwita kwa jina la ukoo. Mwisho akamwita kwa jina la utotoni, lile ambalo yeye peke yake ndiye aliyelitumia. Nikaita na mimi mpaka sauti ikakatika. Alikuwa karibu hivi, kovu lake la kidevuni naliona. Hakuitika. Alituangalia kama tunavyoangaliwa na mtu aliye ndani ya basi linalopita. Mvunja Mwamba akamnyanyua, akambwaga kwenye pumba, wakaja na turubai.

Bibi hakulia pale. Tulipofika nyumbani alimtaka baba akae matanga. Baba akakataa, akasema mtoto yu hai, mama, acha uchuro. Bibi akanyoa nywele zake mwenyewe, akakaa chini, akaomboleza peke yake. Jina la Aloisi hakulitaja tena, na hakuishi sana baada ya hapo. Mimi mieleka niliichukia. Miaka mingi, mtu akiitaja tu, nilikuwa nanyanyuka naondoka.

Aloisi alirudi nikiwa nimeshaolewa. Aliburuta mguu, na mgongo ulikuwa hauinuki. Nilimtengea ugali, na kabla hajanawa nikamuuliza kama siku ile Rujewa alitusikia.

"Nilisikia," akasema. "Tangu sauti ya kwanza ya Bibi. Ningeitika, watu wangejua mimi si wa Tukuyu. Mchezo ungeishia pale."

Nikamwambia kwamba Bibi alinyoa nywele. Ugali ule haukuliwa.

Siku hizi najua turubai lilikuwa la kazi gani, na najua hakuna aliyekufa. Watu wananiambia Bibi alikuwa mshamba, alidanganyika. Mimi nawashuku wao. Mtu anaitwa na bibi aliyemlea, anasikia, na hawezi kuitika kwa sababu amepewa jina lingine la kuangukia. Mnataka nimwite nani huyo? Ndiyo maana nilirudi kuiangalia mieleka, na kwenye televisheni simtazami anayeshinda. Namtazama aliyelala chini, nawaza kama kwao kuna mtu anamwita.

Aloisi tuliishi naye hapa mpaka Mungu alipomchukua. Akiitwa, hata na mtoto anayemtania huko barabarani, alikuwa anaitika kabla jina halijamalizika.