Daktari wa moyo aliyeonja mlenda wa mama wodini

Wakuu, habari za mchana.

Juzi kuna mkuu aliuliza humu: hivi hawa madaktari wa moyo wanaopitisha mrija pajani mpaka moyoni wanasomea nini hasa? Wengine mkamjibu kwa kejeli. Mimi niliwahi kukaa na mmoja wao kwa karibu, kwa hiyo naandika. Sitatia chumvi hata chembe, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mnaokumbuka Dodoma ya wakati ule mnajua: mitumba imejaa, maduka ya watu binafsi kila kona, na madaktari nao wameruhusiwa kufungua vyumba vyao. Kila mtu na kibao chake. Wapo waliokuwa na haki ya kukitundika, na wapo waliokuwa na rangi na brashi tu.

Mimi nilikuwa karani serikalini, naishi Mkonze. Mama alikuwa Mlali, Kongwa, analima.

Akaanza kuchoka. Halafu miguu ikavimba. Halafu akawa hawezi kulala chali, akijaribu anakosa pumzi. Akawa analala ameketi, mito mgongoni. Nikamleta kwangu pamoja na mama mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, aje kumhudumia.

Nikaelekezwa kwa daktari mmoja aliyepanga chumba juu ya duka la vitenge. Kibaoni imeandikwa bingwa wa moyo. Mrangi wa Kondoa, sura bado ya kijana, mpole. Mimi na roho yangu ya kikarani nikamwambia, samahani Dokta, naomba kuona vyeti.

Mama akanifinya.

Daktari hakukasirika. Akanionyesha ukutani, kisha akanieleza kwa mpangilio. Kwanza degree ya udaktari. Halafu internship, yaani kuhangaishwa wodini chini ya wakubwa. Halafu kazi wilayani. Akarudi shule kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani. Akaenda India kusomea moyo wenyewe. Halafu, wakati wenzake wameshajenga na kuoa, akabaki hukohuko kujifunza mrija: kwanza unatazama, kisha unamshikia mwalimu, kisha unafanya mwalimu akiwa pembeni, ndipo unaachiwa. Nilipiga hesabu kichwani nikaona ujana wake wote umeishia darasani.

Akampima mama. Valvu moja ya moyo ilikuwa imekakamaa, akasema ni matokeo ya homa ya utotoni iliyoanzia kooni. Damu inashindwa kupita, maji yanajaa mapafuni na miguuni. Tiba ni puto. Mrija unapita kwenye mshipa wa paja, unafika kwenye valvu, puto linajazwa, valvu inaachia. Vifaa hivyo hapa hatukuwa navyo, ila mwalimu wake kule India alikuwa amempa nafasi ya mgonjwa mmoja wa kutibiwa bure, na safari ilishapangwa.

Sharti lilikuwa moja. Mama aweze kulala chali na kutulia, maana kazi ile haifanyiki mtu akiwa ameketi. Maji yasipopungua kabla ya safari, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na hakunificha. Alisema bila puto hatutakuwa na mama kwa muda mrefu.

Akamlaza hospitali moja pale mjini, akaandika vidonge vya kukojoa, akatuambia chumvi marufuku.

Wakuu, mama mdogo alivyoichukia chumvi! Aliitoa yote nyumbani akawagawia majirani. Chakula cha wodini tunapeleka wenyewe, kama mnavyojua, na yeye ndiye aliyekuwa mpishi.

Maji hayakupungua. Daktari akaongeza dozi. Miguu vilevile, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Nikaanza kusema moyoni kwamba vyeti vya ukutani hata fundi cherehani anaweza kutundika. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na hofu ikikaa sana inageuka hasira. Nikaanza kuulizia daktari mwingine.

Siku moja daktari wetu akaja saa ya chakula badala ya asubuhi. Akawapa wazee shikamoo, akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza mama anakula nini. Ugali wa uwele na mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Akaomba kuonja. Mama mdogo akamnawisha, naye daktari akamega tonge, akachovya.

Akatafuna taratibu. Akachovya tena. Akauliza kama kuna chumvi.

"Hata punje, mwanangu," mama mdogo akasema. "Si uliikataza?"

"Na magadi je?"

"Magadi nimetia. Mlenda bila magadi utalainikaje?"

Kwa msiotoka huku: magadi hukwanguliwa juu ya ardhi kule mbugani, na mboga zetu hazipikwi bila hayo. Kwetu chumvi ni ile ya dukani. Magadi ni magadi, na hakuna Mgogo mwenzangu ambaye angedhani amekatazwa. Lakini kwa moyo uliochoka, magadi yanashika maji mwilini sawasawa na chumvi. Na mama alikuwa anayala mchana na jioni.

 Nilidhani daktari atafoka. Mama mdogo alishaelewa kabla yangu, akalivuta bakuli la mlenda kando.

"Hukukosea, mama," daktari akamwambia. "Mimi nimekuzwa na magadi hayahaya, na mama yangu anayatia mpaka leo. Ni mimi niliyesoma mpaka nikasahau kuuliza."

Nilimwamini siku ile, si siku ya vyeti.

Mlenda ukapikwa bila magadi, ukawa mgumu, mama akaulalamikia kila siku. Lakini maji yakaanza kutoka, na mito ikapungua mmoja baada ya mwingine. Siku ya safari alikuwa analala chali.

Kule India mwalimu alisimama pembeni, akamwachia mwanafunzi wake kazi. Mimi nilikaa benchi la nje nikisali sala zangu, nikaongeza na dua nilizokuwa nazisikia kwa majirani Waislamu. Puto likafungua valvu.

Tuliporudi Mkonze mama alitandika mkeka sebuleni mchana, akajinyoosha chali. Mama mdogo akasimama anamtazama huku machozi yanamtoka.

"Unalia nini?" mama akamuuliza. "Sijafa, nalala."

Akaishi miaka mingi baada ya hapo. Na daktari, kila alipokuja kumwangalia, alikuja saa ya chakula.

Nilichojifunza: vyeti ombeni, ni haki yenu na anayejiamini hachukii. Ila mtazameni pia kama anaketi na kuuliza mgonjwa anakula nini.

Uwanja ni wenu, wakuu. Ila wewe mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani usianze na kucomment. Nenda kwanza jikoni ukaulize mboga imetiwa nini.