Mashati ya Meksiko

Juzi nilikuwa kwa fundi wangu wa nguo hapa Mayfair, Johannesburg, Mkongomani wa Bukavu, nikisubiri suruali. Akaingia mzee wa Tanga, mlinzi aliyestaafu majuzi, akataka ashonewe mashati mepesi ya mikono mifupi.

"Nahamia Meksiko," alisema, akigonga simu yake kwa kidole. "Wanasema huko hata pensheni ndogo inatosha."

"Papa, na Tanga je?" fundi aliuliza, akivuta utepe wa kupimia shingoni mwake.

"Tanga kila mwisho wa mwezi baraza litajaa ndugu, kila mmoja na shida yake. Meksiko hakuna anayenijua. Nitakula changu kwa raha."

Fundi akampima mabega. Kisha akauliza kwa upole, "Na ukifa, Papa, nani atakuosha?"

Mzee akashusha mikono. Akaitazama simu, akanigeukia mimi.

"Hebu niulizie, mwanangu. Meksiko kuna Watanga?"

"Wakiwepo?"

"Nipange chumba mtaa huohuo."

Msimcheke. Wengi wetu tulikuja Johannesburg kuwakimbia ndugu, na usiku wa kwanza tukalala kwa mtu wa kwetu.